Sifa Nilizompa Mpangaji Wangu

Msinilaumu. Niliulizwa, nikasema kweli.

Rabson, mpangaji wangu hapa kisiwani, Miburani, alitoka kwao Malawi kuja kuwaandikia programu ya kompyuta watafiti wa papa potwe. Watafiti wakafunga virago. Kibali chake kinakwisha mwisho wa mwezi, na bila barua ya mwajiri mpya hana budi kurudi kwao. Mwenyewe hataki, nami sitaki. Asubuhi shikamoo mama, jioni kashanijazia maji. Nani atamchoka?

Ila kazi yake, loh! Arafa, jirani yangu, alimletea redio, Rabson akasema hajui kutengeneza. Mfaume, jirani wa pili, akamletea televisheni, vilevile. Simu yangu iliyozimika akaigeuzageuza, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Samahani, mama, mimi si fundi. Naandika programu."

"Unaandika? Mwezi wa nane huu, sijaona hata daftari!"

Akacheka. Mimi nilimwonea aibu.

Hoteli moja ya wazamiaji, Ghuba ya Chole, ikatafuta mtu wa kuwaandikia programu ya kupokea wageni. Mtihani Rabson aliufanyia chumbani kwake, akawashinda wote, wakashuku huenda kafanyiwa na mwingine. Basi wakafanya kama tufanyavyo huku, mtu huulizwa kwa anaoishi nao. Meneja, Mathias, akaja mwenyewe barazani kwangu.

"Shikamoo, Bi Chiku. Huyu kijana kompyuta anaziweza?"

"Marahaba. Nisikufiche, baba, haziwezi. Muulize Arafa, muulize Mfaume. Lakini uaminifu! Miezi minane hajagusa kitu cha mtu. Mpe kazi yoyote, hutajuta."

Barua ikaja Alhamisi. Nikapiga vigelegele mpaka Arafa akatoka nje. Rabson akanisomea. Wamempa kazi ya kulinda geti, kwa uaminifu uliothibitishwa na mwenye nyumba wake.

"Si kazi hiyo, baba?"

"Mgeni hapewi kibali cha kulinda geti, mama."

Akanikalisha, akanieleza pole pole. Kumbe wale potwe walikuwa wakitambuliwa kwa madoa yao, mmoja mmoja, na aliyeifundisha kompyuta kuwatambua ni yeye. Bisibisi hajawahi kushika. Nilimharibia mwenyewe, kwa mdomo wangu!

Nikajitanda kanga, nikaenda hadi hotelini. Nikamwambia Mathias nilikosea, kijana ni bingwa, kompyuta anaziweza kuliko wote.

Mathias akaniagizia chai, akatabasamu.

"Bi Chiku, unampenda sana mwanao. Siku ile ulisema kweli, leo huruma imekuzidi."