Mzabibu wa Mukantwari

Kitambaa cha altare kililala mapajani mwa Mukantwari, cheupe vilevile kama alivyokipokea. Illuminée, mkubwa wa akina mama wa parokia, alikuwa amesema wazi: safari hii hawataki tena yungiyungi, kila sikukuu lilelile. Asipobuni ua jipya, kazi inapelekwa kwa mdarizi mwingine, huko Mahoko. Na tangu mume wake afariki, kudarizi vitambaa vya kanisa ndiko kulikomfanya aamke na neno la kushukuru.

Akaimba nyimbo za misa apate wazo. Mkono ukachora kwa chaki. Yungiyungi.

Akafuta, akaimba nyingine. Yungiyungi tena.

Saidati, mwenye kibanda walimoketi na cherehani yake, akacheka. "Dada, we unamuhubiria kitambaa? Acha nifungue redio."

"Redio yako ni ya baa."

"Ni ya Goma. Mi Muislamu, baa siijui. Miguu yangu tu ndiyo haina dini."

Gita likaingia, na mwanamume akaimba kwa Kilingala, lugha ambayo Mukantwari hakujua hata neno lake moja. Gita lilipanda, likajikunja, likarudi karibu na lilikoanzia, lakini si palepale. Aliposhtuka, chaki ilikuwa imevuta mzabibu, na matawi yake yamejikunja hivyohivyo.

"Zima kidogo," akasema.

"Imekuudhi?"

"Hapana. Nataka kuona kitu."

Kimya. Mkono ukasimama katikati ya jani.

"Washa."

Mkono ukaenda.

"Zima tena."

"Aa, dada, unamaliza mawe ya redio yangu, betri ni pesa!"

Mukantwari alikuwa akiutazama mkono wake. Nyimbo za misa alizijua zote kwa moyo. Labda akili ilifuata maneno, mkono ukabaki kurudia njia yake ya zamani. Katika muziki huu wa Kilingala hakukuwa na neno la kufuata. Na sasa, ndani ya kimya, tawi moja lilikuwa likiendelea lenyewe, polepole. Akalitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. Kisha akafanya ishara ya msalaba, akatunga uzi.

Illuminée alipokuja, kidole chake kilifuata matawi, na mabega yakafuata kidole.

"Mana yangu, Mungu wangu, hii mizabibu iko nacheza! Umeitoa wapi?"

Cherehani ya Saidati ikanyamaza. Mukantwari angeweza kusema ni Roho Mtakatifu tu. Lakini kitu cha altare hakiwekwi juu ya uongo.

"Kwa redio, mama. Muziki wa Goma."

Illuminée akaondoa kidole upesi. Akakitazama kitambaa, akatazama redio, akarudi kwenye kitambaa.

"Bon, haya," akasema mwishowe. "Bwana wetu alienda harusi ya Kana. Kule nako hawakunyamaza." Akakikunja vizuri. "Ila padiri usimwambie. Ataomba hiyo nyimbo."

Illuminée alipoondoka, Mukantwari akachukua chaki na kitambaa kingine.

"Saidati, washa. Tafuta muziki usio na mutu anaimba. Nataka kuona kama mkono utaenda."