Ndege Kwenye Foleni ya Maji

Alhamisi moja ya mwaka 2012, asubuhi, ndege ya abiria ilitua Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, karibu na bomba la maji, ikajipenyeza mbele ya madumu. Mariette, aliyekuwa wa tano, akaipiga bawa kwa kiganja.

"Weye, shika mulongo."

Ndege ikarudi nyuma, ikasimama baada ya dumu la mwisho. Ilikuwa na adabu, tuseme ukweli. Mwanzoni ilijaribu kuteka maji mjini Mbarara, mtaa wa Ruti, lakini vijana wa kuosha magari hawakuipa nafasi.

Rubani wake, Swalik, alikulia kambi ya jeshi ya Makenke na hakuwa na majivuno. Walipokuwa wakingoja alieleza kwamba haidrojeni hutolewa kwenye maji, ikachomwa ndani ya injini, na kinachotoka nyuma ni maji tena, bila moshi. Wanawake wakatazama nguo zao kwenye kamba, wakaona hazina hata doa la masizi, wakaipenda ndege. Tangu hapo ilikuja kila Alhamisi kujaza maji kabla ya kuelekea Kanada. Aliyechelewa aliwekewa jiwe la kumshikia fasi, na ndege nayo iliwekewa lake, kubwa kidogo.

Mariette alikuwa na haja yake. Binti yake Viviane alipelekwa Kanada, yeye akaachwa, na sasa Viviane alikuwa amejifungua msichana. Kwao mtoto wa kwanza huogeshwa na bibi. Basi alivaa kitenge kipya, akamfuata Swalik.

"Siombi kiti. Nitakaa chini. Nikimaliza kuogesha mutoto, narudia."

Abiria walimtazama kupitia madirisha, wawili wakampungia mkono. Swalik aliinamisha kichwa, kwa maana alimpenda mama yule.

"Moshi tumeondoa, Mama. Mlango bado iko ile ya zamani."

Mariette alirudi nyumbani, akachemsha dumu lake la maji pamoja na majani ya kuogeshea wachanga, akarudi nayo, akayamimina mwenyewe ndani ya tangi la ndege. Alilia baadaye, jikoni.

Jumamosi Viviane alipiga simu. Ndege ilikuwa imepita juu ya nyumba yake huko Kanada, maji yakadondoka, akakinga beseni, akamwogesha mtoto.

"Mayi ilifika ikiwa moto?" Mariette akauliza.

"Vuguvugu, mama. Ilikuwa inanukia majani."

Mariette alifurahi mpaka akacheka peke yake njiani. Alhamisi iliyofuata aliiwekea ndege jiwe lake, akasimama nyuma ya jiwe hilo na dumu la maji ya moto. Ndege ilitua, ikashika mulongo, mlango wake umefungwa.