Ngoma Iliyojibu Sijambo

Usiku wa jana niliota niko mnadani Kibaigwa, nimebeba mkungu wa ndizi usio wangu, na Zimwi ananiomba nimsaidie kutua ngoma aliyoibeba mgongoni. Naandika ili nimshukuru, maana kule sikupata nafasi.

Nimetembea sana maishani, nimelala stendi na vibarazani kwa watu, lakini zimwi sikuwahi kumwona. Huyu alikuwa mzee, amevaa koti la sufi, mgongo umepinda. Aliniambia ana miaka mia nne, kwa hiyo nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Shika upande huo, taratibu. Kuna mtu ndani."

Nilijua kuna mtu. Hadithi hiyo tumekua nayo: zimwi anamfungia msichana ndani ya ngoma, anazunguka naye vijijini, ngoma ikipigwa msichana anaimba, zimwi anapewa ubwabwa. Mwishowe ndugu zake wanaitambua sauti, wanamtoa, wanatia nyuki badala yake. Nyuki wenyewe walikuwepo, wamekaa kwenye benchi wakingoja zamu yao. Mmoja aliniuliza kama bado. Nikamwambia bado.

Zimwi anapiga ngoma. "Hujambo?" anauliza. Sauti tamu inaimba kutoka ndani, "Sijambo." Watu wanapiga makofi. Kigingi kipya cha mti kinatokea ukingoni mwa ngoma, kinajigongomea chenyewe, ngozi inakaza.

Nikamgombeza. Nikamwambia wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na leo nimemwona mwenyewe. Hakukasirika.

"Sikuiwamba mimi," alisema. "Huyu nilimkuta humo humo. Mimi nabeba tu. Kila anayepita anauliza hujambo, anajibiwa, anakwenda zake. Hakuna aliyewahi kungoja jibu la pili."

Nikaitambua ile sauti. Ni ya mjukuu wangu, Salhina, mwenye miaka kumi na sita. Nimefikia kwao siku kumi na moja sasa, na siku zote hizo hatoki chumbani ila kwenda uani. Shule ameacha, sahani inarudi kama ilivyokwenda. Kila asubuhi napita mlangoni pake nauliza hujambo, ananijibu sijambo babu, naenda kunywa chai yangu nimeridhika.

Nikatazama vile vigingi. Kumi na kimoja vilikuwa bado vinatoa utomvu.

Mara mnada ni darasa la tatu, lile nililoliacha katikati upepo ulipoezua paa. Nimebanwa na dawati, magoti yamefika kidevuni. Zimwi amekaa nyuma na nyuki. Ngoma iko mezani pa mwalimu, na mwalimu ni ubao.

"Hujambo," unasema ubao. "Jibu lake?"

"Sijambo," darasa zima linaitikia.

"Maana yake?"

Nanyoosha mkono, maana ndilo somo pekee nililomaliza. "Sina jambo."

"Vizuri. Na mwenye jambo anajibuje?"

Darasa zima linaugeukia ubao. Ubao wenyewe ulikuwa haujui. Ulijifuta wote ukilitafuta jibu, haukuliona, ukaomba radhi.

Basi nasogea kwenye ngoma. Nataka kuuliza namna nyingine, mdomo unatoa hujambo ile ile. Kigingi kinainuka. Kabla hakijaingia, Salhina anauliza kutoka ndani, "Na wewe babu, hujambo?"

"Sijambo," nikajibu. Ulimi umezoea.

Papo hapo nikawa gizani, nimejikunja, pua imejaa harufu ya ngozi ya mbuzi. Nimo ndani ya ngoma yangu mwenyewe, na nje watu wanapiga makofi.

"Babu," ilisema sauti ya Salhina kutoka ngoma ya jirani, "nimekuuliza."

Nilifikiri kidogo. "Nina jambo," nikasema. "Tangu bibi yako afariki, nikikaa mahali nalia. Ndiyo maana natembea."

Kigingi kikachomoka. Mwanga ukaingia, kiasi cha punje ya mtama. Kwa tundu hilo nikamwona Zimwi ananyoosha mgongo, anasema mzigo umepungua.

"Hilo jambo limeondoka sasa?" Salhina aliuliza.

"Halijaondoka. Ila hewa inaingia."

Mimi ambaye sijawahi kungoja kitu ila basi, nikangoja jibu la pili. Nyuki walichoka, wakaenda makwao mmoja mmoja.

Nikaamka. Jua limeshapanda. Niko kwenye mkeka sebuleni kwa mwanangu, begi langu limefungwa tayari karibu na mlango, kwa kuwa nilipanga kuondoka leo.

Nilikwenda mlangoni kwa Salhina nikaketi sakafuni. Sikusema hujambo.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "una jambo gani?"

Mama yake akaniletea chai pale chini, akanitazama, akarudi jikoni. Chai ikapoa, ikafanya utando. Nilikuwa bado nimekaa kitu kilipokwaruza sakafu, kikapita chini ya mlango, kikasimama kwenye kidole changu cha mguu. Kigingi kidogo cha mti, kinanuka ngozi ya mbuzi.

"Ninalo, babu," alisema kwa ndani. "Lakini ni refu."

"Leo sina safari," nikamwambia.

Komeo likalia. Mzee Zimwi, popote ulipo, ahsante kwa kumbeba.