Mwano wa Chumba cha Mahututi

Kila mashine ilipolia, mzee Luhende aliinuka. Hakufumbua macho tu; alijikokota mwili mzima, akaung'oa mpira wa oksijeni puani, miguu ikitafuta ndala chini ya kitanda. Safari hii damu ilichuruzika pale penye dripu, na nesi Precious akaja na bandeji mbili.

"Tunamfunga mikono, mayu," akamwambia mama aliyekaa kando ya kitanda. "Akiung'oa tena mpira tutampoteza."

Nyamizi, mkewe, akasimama kati ya nesi na kitanda. "Hafungwi mtu hapa."

"Ni kwa faida yake."

"Kwetu Nkololo anayefungwa ni mwizi wa ng'ombe. Huyu ndiye aliyekuwa akiwafunga! Unajua anasikia nini? Mwano. Ng'ombe wakiibwa, yowe hilo likapigwa, mwanaume asiyetoka anatozwa faini. Yeye alikuwa anatoka wa kwanza. Leo mnampigia mwano tangu asubuhi, halafu mnamlaumu kwa kutoka!"

Mashine ikalia tena. Luhende akajiinua. Nyamizi akamwekea kiganja kifuani. "Lala, Baba Kija. Ng'ombe wamerudi wote." Akalala.

"Kitendawili!" Nyamizi akamgeukia nesi.

"Mayu, nina wagonjwa wengine..."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Analia kutwa, na anayeinuka ni mgonjwa peke yake."

Precious akacheka bila kutaka, akatazama mashine. "Kibanio cha kidoleni hakimkai vizuri, ndicho kinachoiliza bure," akasema, akakibadilisha. Kisha akamwita Daktari Joakim, na Nyamizi akamwomba ashushe mlio.

"Sauti tukiishusha, ile ya hatari ikatupita?" daktari akauliza.

"Ilie kule mezani kwenu manesi, waliko wazima wa kuinuka," Nyamizi akasema.

Daktari akakuna kidevu. "Nitaweka viwango vinavyomfaa mzee, isilie ovyo. Ya hapa kitandani tunaishusha, ya mezani inabaki juu. Lakini akiinuka tena, mama, tunamfunga."

"Akiinuka tena mnifunge mimi." Akazichukua zile bandeji, akazikalia.

Jioni mlio ulisikika kwa mbali, kule mezani. Precious akaja mbio, akamvuta mzee makohozi, akamweka sawa mpira, akasimama akitazama namba mpaka zikapanda. Mikono ya Luhende ilibaki juu ya shuka.

Akafumbua jicho moja. "Mwano?"

"Ndiyo," Nyamizi akamjibu.

"Nani katoka?"

"Katoka huyu binti."

Luhende akamtazama Precious kuanzia kofia hadi viatu. "Amewahi?"

"Amewahi."

"Basi," akasema, akajigeuza ubavu, akakoroma.