Pikipiki Iliyoombewa

Jerop alikuwa mfupi, na alishazoea kuambiwa. Tangu shule ya msingi, akisimama kujibu swali, hakukosekana mjinga mmoja wa kupaza sauti kutoka nyuma, "Jerop, simama basi tukuone!" na darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye akijifanya anakohoa. Kwa hivyo siku aliyoingia dukani kwa Waweru, pale chini mjini karibu na daraja la mto Sosiani, kununua pikipiki yake ya kwanza, hakuwa na haya yoyote ya kimo chake. Alikuja na kaka yake Kiplimo. Hapo ndipo alipokosea, lakini angejuaje? Mtu huenda kununua kitu kikubwa na mtu wake.

Na haja yenyewe haikuwa ya kutembea kujionyesha mjini. Jerop alikuwa mtu wa AI ya ng'ombe, yule anayeitwa ng'ombe akiingia joto, aje na mbegu za fahali kwenye mtungi wa baridi ampandishe. Ng'ombe hangoji mtu. Ukichelewa nusu siku, joto limepita, mkulima amepoteza wiki tatu, na jina lako linasemwa vibaya kwenye foleni ya maziwa. Ushirika wa maziwa kule Moiben ulikuwa umemfuta mtu wao kwa kuchelewa hivyo hivyo, akingoja bodaboda. Mwenyekiti, Mzee Kigen, alimwambia Jerop wazi wazi: "Kazi ninakupa. Lakini mwisho wa mwezi, Jumatatu, uje na pikipiki yako, na nikuone ukiiendesha na macho yangu. Usipoweza, kuna kijana mwingine anangoja." Basi. Miaka minne ya vibarua vya hapa na pale ingekwisha hiyo Jumatatu, au isikwishe.

Dukani Waweru alimwangalia mara moja tu akamvutia pikipiki ndogo nyekundu. "Madam, kalia hii. Usiogope, kalia." Jerop akakalia, na nyayo zake zote mbili zikagusa sakafu, visigino na kila kitu. Akaitikisa kushoto na kulia. Akatabasamu mwenyewe. Ilikuwa karibu sawa na ile aliyofundishiwa, ile aliyopitia mtihani wa leseni bila kuangusha hata koni moja.

"Unaona?" Waweru akasema. "Mtu anaanza na ile anaifikia chini. Kwenda si shida, hata mtoto anaweza kwenda. Shida ni kusimama."

Kiplimo akacheka. Alikuwa mrefu, mwalimu wa hisabati, mwenye sauti ya kukufanya uone aibu hata kama jibu lako ni sahihi. "Waweru, wewe unauza pikipiki ama baisikeli za watoto? Umeona barabara za Moiben mvua ikinyesha? Hii itakwama tumbo kwenye matope, dada yangu alale huko na mtungi wake. Leta ile nyeusi."

Ile nyeusi ilikuwa ndefu, nzuri, na kiti chake kilimfika Jerop kiunoni. Alipoikalia, ncha za vidole ndizo zilizogusa chini, na za mguu mmoja tu.

"Haki Kiplimo, sifiki."

"Utazoea. Kila mtu anazoea." Akamshusha, akaikalia mwenyewe, akaidundisha juu na chini, akashika usukani, akajiangalia kwenye vioo. Alikaa pale juu muda mrefu.

"Mbona wewe ndiye unakaa?" Jerop akauliza akicheka.

"Nakujaribia shoko, kama zinadunda vizuri."

 Waweru akasema tu, "Madam, pesa ni yako, na miguu ni yako." Lakini Jerop alimsikiliza kaka yake. Huyu ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kuvuka mto waende shule, baba yao alipokufa. Ndiye aliyemfundisha kukamua. Na habari ya matope ilikuwa ya kweli, hilo ndilo lililomponza. Uongo mtupu angeukataa palepale. Akalipa akiba yake yote, wakatoka na ile nyeusi.

Siku ya kwanza ya mazoezi, uwanjani kule Chepkoilel alikokuwa amepanga chumba, aliondoka vizuri. Gia ya kwanza, ya pili, upepo usoni, mpaka akapiga kelele za furaha peke yake kama kichaa. Kisha ng'ombe wa watu akakatiza mbele yake. Akashika breki, akateremsha mguu kutafuta ardhi, akaikosa. Pikipiki ikamlalia. Goti likavimba, na kioo kimoja kikapinda.

Kiplimo alikuja jioni hiyo hiyo na chupa ya maziwa na pole nyingi. Alikuwa na pole, huyo! "Dada, pona kwanza hilo goti. Hii engine mpya inataka kuzoeshwa taratibu. Wacha niende nayo nyumbani Plateau, nitakuzoeshea, nitakurekebishia hata kiti. Kabla ya Jumatatu yako utaikuta laini." Jerop alimshukuru. Hebu fikiria, alimshukuru kwa mikono miwili.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Akipiga simu, anaambiwa engine bado inakaza. Akiuliza kiti, anaambiwa fundi amesafiri. Goti lilikuwa limepona kitambo. Alipoanza kuhangaika kweli, mama yake akapiga. "Jumamosi usikose kuja. Tumeita Pasta Nicanor aombee pikipiki. Majirani watakuja, mashangazi zako pia. Vaa vizuri."

Moyo wa Jerop ukatulia wote. Kwao, kitu kikubwa hakitumiki bila kuombewa, iwe nyumba, iwe trekta, iwe ng'ombe wa gredi. Kwa hivyo kumbe walikuwa wakimwandalia! Na yeye alikuwa ameanza kumfikiria kaka yake vibaya. Alinunua kitambaa kipya cha kichwa. Alipanga aombewe Jumamosi, afanye mazoezi Jumapili yote, Jumatatu aende Moiben.

Plateau alikuta viti vimepangwa uani, sufuria la chai linafuka, na pikipiki imesimamishwa katikati, imeoshwa mpaka inang'aa. Kioo kilikuwa kimenyooshwa. Kiti kilikuwa palepale kilipokuwa. Funguo ziliwekwa juu ya Biblia kwenye meza ndogo. Mashangazi walimkumbatia kwa nguvu isiyo ya kawaida. "Mungu akuzidishie, Jerop," mmoja akamwambia, macho yamelowa. "Wasichana wa siku hizi hawana roho kama yako." Jerop akaona ni maneno ya sherehe, akaitikia amina.

Pasta akaweka mkono wake juu ya tangi. Watu wakafumba macho.

"Baba, tunakushukuru kwa ajili ya mtumishi wako Kiplimo. Umeona miaka aliyotembea kwa miguu kwenda kufundisha watoto wetu. Leo umempa pikipiki hii. Iwe yake, Bwana, isiwe ya mwizi wala ya ajali. Na umbariki dada yake Jerop, aliyemkumbuka ndugu yake, akatoa jasho lake akamnunulia. Mlipe mume mwema, Baba, aende kwake kwa amani."

"Amina!" wakaitikia wote.

Jerop hakuitikia. Alikuwa amefumbua macho kwenye lile neno "Kiplimo", akidhani pasta amekosea tu, watu hukosea majina. Akamtazama kaka yake ili wacheke pamoja. Kiplimo alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayejifanya amelala. Akamtazama mama yake. Mama alikuwa amefumbua macho pia, na anaangalia viatu vyake.

Basi akajua. Alijua yote kwa mara moja, tangu ile "nakujaribia shoko". Hawakumwibia usiku. Walimwita, wakamwambia avae vizuri, wakamshukuru hadharani kwa zawadi ambayo hakuitoa. Na kwao kitu kikishaombewa kwa jina la mtu, nani atathubutu kukirudisha? Mtego gani huo wa kuwekwa na watu waliokulea!  Wanawake walikuwa wameanza kuimba na mikono ilikuwa inamjia kutoka kila upande, hongera, hongera, na mmoja alikuwa tayari anampa kikombe cha chai.

"Pasta," akasema. Wimbo ukaimeza sauti yake. Akarudia. "Pasta, rudia hayo maombi. Umekosea jina."

Wimbo ukakatika.

"Sijamnunulia mtu pikipiki. Hii ni yangu, ya kazi. Jumatatu naitwa Moiben."

Pasta Nicanor akamgeukia mama, maskini, uso umemshuka. "Mama, si wewe mwenyewe uliniambia..."

"Jerop," mama akasema kwa sauti ya chini, akija karibu, "usiniaibishe mbele ya watu. Hebu tuongee ndani."

"Tuongee hapa hapa, Mama. Kwani mmeniombea ndani?"

Kiplimo sasa alikuwa amefumbua macho. "Dada, tuambiane ukweli. Huwezi hiyo pikipiki. Ulianguka siku ya kwanza. Inakaa bure, na mimi natembea. Hata hapa nimekuokoa, ungejiua nayo."

"Nani alinichagulia?"

Mwalimu wa hisabati akageukia pikipiki.

"Nauliza, nani alikataa ile nyekundu? Miguu yangu ilifika chini, Kiplimo! Ukanitoa juu yake. Ulipima kiti kwa miguu yako, na pesa ukapima kwa zangu."

"Wewe ni wa kuolewa," mama akasema, na safari hii hakushusha sauti. Alisema kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana na kila mtu. "Utaenda, na hiyo pikipiki iende kwa watu wengine. Kiplimo ndiye anabaki hapa na mimi. Tulidhani utaelewa. Wewe huwa unaelewa."

Hilo ndilo lililomkata kuliko maombi. Kweli, alikuwa ameelewa mambo mengi. Aliona mashangazi wakitazama chini. Akaenda kwenye meza ndogo akachukua funguo juu ya Biblia.  Shangazi yule wa machozi akasema, "Mtoto, hicho kimeshaombewa!" na Jerop akamjibu, "Basi Mungu atanijua njiani."

Aliisukuma mpaka kwenye jiwe la kupandia karibu na lango, akapanda juu ya jiwe, kisha juu ya kiti, akaiwasha. Kiplimo alishika mkia wa pikipiki hatua chache, akaona watu wanamtazama, akaachia.

Njia nzima kutoka Plateau hadi mjini Jerop aliendesha akiomba kitu kimoja tu, asisimamishwe. Penye matuta alipita polepole kwenye gia ya kwanza. Penye kondoo alipiga honi kutoka mbali. Mara moja lori lilimlazimisha kusimama, akajiegemeza kwenye ukingo wa barabara, mguu juu ya ukingo, dereva nyuma yake akimtukana. Alilia, lakini kwa kwikwi fupi fupi, maana machozi mengi yangemficha barabara. Dukani kwa Waweru alisimama kwa kuparamia rundo la mchanga wa ujenzi lililokuwa nje.

Waweru alikuwa anateremsha mlango wa duka. Akaitazama pikipiki, akamtazama mwenye pikipiki, kitambaa kipya kimeangukia shingoni, akaacha kuuteremsha.

"Ile nyekundu bado ipo?" Jerop akauliza.

"Ipo. Lakini hii imeshatumika, madam. Hatutatoka sawa sawa, utapata hasara."

"Toa unachotoa. Nipe ile ninayoifikia chini."

Jumapili hakwenda kanisani. Alizunguka uwanja wa Chepkoilel mpaka petroli ikapungua, akisimama, akiondoka, akisimama, nyayo zote mbili chini, mtungi umefungwa nyuma ukiwa umejazwa maji ili azoee uzito. Simu ilikuwa kimya siku nzima. Hata Kiplimo hakupiga, hata kutukana.

Jumatatu Mzee Kigen alimpeleka nyuma ya ofisi za ushirika, kwenye mteremko wa matope uliokanyagwa na trekta, akasema, "Haya, nionyeshe." Jerop akateremka nayo. Katikati pikipiki ilikwama tumbo, kama Kiplimo alivyosema. Alishusha miguu yote miwili kwenye matope, akashikilia, akasukumana nayo huku na huku mpaka ikachomoka, akapanda upande wa pili amechafuka hadi kiunoni.  Mzee alimpa namba ya simu ya mkulima wa kwanza. "Ng'ombe wa huyo ameanza kulia tangu alfajiri. Kimbia."

Alikuwa anavaa helmeti simu ilipolia, na kwenye kioo cha simu kukaandikwa Mama. Jerop alivua helmeti haraka mpaka ikamkwaruza sikio. Alisahau yote, nakuambia. Aliona tu mama amekumbuka kwamba leo ni Jumatatu.

"Mama! Mama, nimepa..."

"Jerop," mama akasema, "sasa Kiplimo ataenda shule na nini?"

Jerop alingoja. Pengine kulikuwa na swali la pili. Alisikia kuku wa nyumbani, na mama akipumua, na mama pia alikuwa anangoja.

"Atembee," akasema. "Mama, niko kazini." Akakata simu, akavaa helmeti, akashusha kioo chake mpaka chini ili mkulima asimwone uso, akaenda kwa ng'ombe.