Zunguka Tena, Shemeji

Masizi alinionyesha mabomba mawili aliyoyalaza juu ya gunia, akaniambia nichague. Moja limekaa kama herufi H, jingine kama X. Nikamwambia, "Shemeji, nimeleta gari kutengenezwa, sikuja chekechea."

Akacheka. Huyu alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu tangu ujana wao, ndiyo maana ananiita shemeji na mimi namsemesha nitakavyo. Kazi yake ni ekzosi tu, na jina la Masizi amelipata kwa haki, kwani hata siku ya mazishi alikuja na weusi kwenye kucha.

"Gari lako lina ekzosi mbili," akasema, amechutama chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki. "Moja kila upande wa injini. Hapa katikati palikuwa na bomba fupi la kuziunganisha, zisaidiane kupumua. Nani kalikata?"

"Fundi mmoja kule barabarani. Alisema limeoza na halina kazi."

"Halina kazi! Kichwa chake ndicho hakina kazi."

Tangu siku hiyo gari langu linabweka kama mbwa mwenye kikohozi, na kila nikiliwasha natamani kulia. Majirani wanadhani ni kelele inayoniudhi. Wala. Mume wangu aliniachia nyumba, gari na ukimya, na katika hivyo vyote, kilichobaki na sauti yake ni gari. Jioni nikiwa jikoni nilikuwa nalisikia likikata kona, ngurumo nzito ya chini chini, vikombe vinatetemeka kabatini, najua mtu wangu kafika. Niliitaka sauti ile irudi. Basi, sikutaka kingine.

"X inalainisha mlio, inaupandisha juu kidogo," Masizi akaeleza. "H inaunguruma. Marehemu alikuwa na ipi?"

"Nijuaje mimi? Umewahi kuniona chini ya gari?"

"Na mimi hakuniletea nilifungie bomba, alilinunua nalo hivyo hivyo. Kwa kulisikia nako usinitegemee. Masikio haya yamekwisha kwa nyundo."

Akaifunga X kwa klempu, bila kuchomelea, ili tujaribu kwanza. Nikawasha, nikazunguka mtaa. Sikuelewa kitu. Akaitoa, akafunga H. Nikazunguka tena, nikarudi nimekunja uso.

"Vipi?"

"Zote ni gari tu."

Nikabaki nimekaa kwenye usukani, ndipo likanijia. Sauti ile sikuwahi kuisikia nikiwa ndani ya gari. Tulipokuwa tunasafiri wote nilikuwa naongea mimi, nani angeisikia injini? Niliijua kutoka jikoni. Niliijua kwa kungoja.

"Endesha wewe," nikamwambia. "Lilete mpaka kwangu na bomba moja, urudi ubadilishe, ulilete na jingine. Mimi nakwenda kusimama jikoni."

"Shemeji, nina wateja wengine hapa."

"Wangoje. Mbona mimi nangoja?"

Akachukua ufunguo.

Nyumbani nikasimama kwenye sinki, mgongo mlangoni, nikaanza kuosha kikombe kilichokuwa safi. Likaja la kwanza. Mlio laini, mzuri hasa, ila wa mume wa mtu mwingine. Nikaendelea na kikombe changu mpaka likaondoka.

Nikangoja. Fundi akiwa na haraka huchelewa, akiwa hana haraka huchelewa zaidi. Nikakipangusa kikombe, nikakirudisha kabatini, nikakitoa tena.

Kisha nikasikia gari likikata kona. Zito, chini chini. Vikombe vikaanza kugongana kabatini, na mikono yangu, jamani, haikuniuliza. Ikajifuta kwenye gauni, miguu ikanitoa nje, nikavuta komeo la geti nikalifungua wazi, na maneno ya kumgombeza kwa kuchelewa nimeshayapanga mdomoni.

Masizi akashusha kioo. "Ndiyo hii?"

Nilikuwa na ugomvi tayari na mwenye kugombezwa hayupo. Nikamtazama pale kwenye kile kiti, nikamchukia, maskini wa watu, kwa kosa la kuwa yeye.

"Shemeji? Nichomelee H?"

"Zunguka tena."

"Si umeshaisikia?"

"Zunguka tena, nimesema. Anzia kule mbali, kabla ya kona."

Alikuwa na utani wake pale mdomoni, nikamwona anaumeza. Akarudi nyuma taratibu. Nikafunga geti, nikaingia jikoni, nikaupa mlango mgongo. Akaja, akaenda, akaja tena. Kila alipofika nilikuwa nimeshika komeo.

Jioni ile akachomelea H, mshono safi kabisa, akanikabidhi gari. Nikaliendesha mwenyewe kurudi nyumbani. Kwenye kona nikapunguza mwendo nisikilize, lakini ukiwa ndani ni gari tu. Nilijua kwamba saa ile vikombe vinatetemeka kabatini, na jikoni hakuna mtu.

Nikasimama mbele ya geti, injini inanguruma, nikapiga honi kama marehemu alivyokuwa akipiga. Nikangoja kidogo. Kisha nikashuka, nikafungua mwenyewe.