Pini ya Mtani

Tak! Mlio ule ulinikuta uani nikitawadha kwa sala ya adhuhuri. Ulikuwa mzito, mlio wa pini inayozama kwenye ubao. Nikashangaa. Bunduki ya pini, ile tuliyotumia kupigilia ngozi za viti katika karakana ya Mzee Sharifu pale Bagamoyo, mwaka wa hamsini na sita, nilikuwa nimeiacha imekwama. Nilikwisha kuvuta kifimbo chake cha nyuma, nikatoa springi, nikamwaga pini zote, maana iliyokwama haichokonolewi ikiwa imeshiba pini. Ilibaki moja tu, iliyopinda na kuziba mdomo.

Nilipoingia ndani, bunduki ilikuwa palepale mezani, nikadhani nimesikia vibaya. Kando yake alisimama fundi mwenzangu, Bwanausi wa Fukayosi, mtoto wa mjomba wangu. Asubuhi ile Mzee Sharifu alitangaza kwamba bunduki mpya imefika kutoka Dar es Salaam, na atakayeishika ni mimi, Muhidini. Bwanausi angerudi kwenye randa. Kazi hiyo aliitaka yeye.

"Fundi mkuu," alisema sasa, ametoa meno, "kumbe hata kuzibua hujui?"

"Nitaizibua nikishaswali. Wewe kasukume randa, miguu ya bata!"

Mafundi wakacheka. Mimi na yeye ni mabinamu, kwa hiyo ni watani. Tumetukanana tangu tunatambaa, na kwetu mtu hamkasirikii mtani wake.

"Lete mkono basi, nikupe mahari ya dada yako."

Akanikamata mkono wa kulia, akaubana juu ya ubao, akaweka bunduki. Nilikuwa nacheka bado.

Tak!

Pini ilipenya nyama chini ya kidole gumba, ikashika ubao. Damu ikarukia ngozi ya kiti. Akabana tena. Ya pili ikagonga mfupa.

"Utani huo!" akapaza sauti, akiwatazama wenzetu. "Utani, jamani!"

Nao wakacheka, wallahi.

Pini haziingii bundukini zenyewe. Alikuwa ameizibua, akapanga zile ndefu za ngozi nene, akaijaribu nami nikasikia kule uani. Alitaka mkono huu usishike kazi tena.

Niliung'oa pamoja na pini zake. Nikampiga kichwa cha pua, pua ikavunjika, akaanguka chali juu ya mbao. Nikamkalia kifuani, nikaichukua bunduki kwa mkono wa kushoto, nikamwekea chini ya jicho. Mzee Sharifu alinivuta shati hadi likachanika.

"Mtani wangu!" Bwanausi alilia, damu ikimwingia kinywani. "Mtani hakasirikiwi, Muhidini! Ndiyo mila yetu!"

Nikauhamisha mdomo wa bunduki hadi kwenye ndewe ya sikio lake, nikabana. Sikio likashonwa kwenye ubao. Alipiga yowe kama mbuzi aliyekosewa kisu.

"Mbona hamcheki?" niliwauliza mafundi. "Si utani?"

Nikamwinamia.

"Bwanausi, sikia, na hawa wasikie. Utani wetu umekwisha leo. Mkono huu ukipona, bunduki mpya nitaishika. Usipopona, nitajifunza kwa huu wa kushoto. Na siku utakayoniita mtani tena, wallahi nakuahidi, sitalenga sikio."